Hajara Alikunywa Kwanza

Nazungumza nanyi mlioko Riyadh na Jeddah, mliomaliza kazi na msiomaliza bado, mnaonisikiliza kwa simu iliyowekwa chini ya mto ili sauti isivuke mlango. Nazungumza pia nanyi mlioko nyumbani, Mombasa, Tanga, Unguja, Mbale, wenye mtoto au dada huku ugenini. Saa zetu ni moja. Ikiwa kwenu ni saa tatu usiku, na huku ni saa tatu usiku. Kwa hilo tu, bahari haikututenga.

Leo nataka tuzungumze juu ya pole. Sisi Waswahili tunagawa pole bila kuhesabu. Mtu akijikwaa mbele yako njiani, humjui, hukumsukuma, unamwambia pole. Akitoka kibaruani, pole na kazi. Akishuka basi, pole na safari. Wageni hutushangaa, wakidhani tunaomba radhi kwa kosa ambalo hatukulifanya. Kumbe tunamwambia mwenzetu kwamba tumeliona lililompata. Sasa niulize: wewe mwenyewe unapojikwaa, hakuna mtu karibu, unajiambia nini? Nimewauliza wanawake wengi swali hili, na majibu yao hayapishani. "Mjinga mimi." "Huoni unakokwenda?" "Ndiyo maana hufiki popote." Pole tumegawia mji mzima, tukajisahau wenyewe mlangoni.

Nilifanya kazi Riyadh miaka sita, nyumba moja, familia ya watu tisa. Mwaka wa tatu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kaka yangu alinipigia simu kwamba mama amefariki na atazikwa baada ya adhuhuri. Kwetu maiti hangojeshwi. Nilikuwa napiga pasi kanzu za wanaume wa nyumba. Zilikuwa kumi na moja, nakumbuka kwa sababu nilizimaliza zote. Ya tano ilikuwa na mkunjo kwenye kola, nikainyunyizia maji nikairudia. Mama yangu anaoshwa Kisauni, nami nanyoosha kola Riyadh. Madamu alipopata habari alimwombea maiti wangu dua, akaniambia nilale mapema. Nilikwenda chumbani kwangu kule juu ya paa, nikakaa sakafuni, na kuanzia usiku ule nikawa hakimu wa nafsi yangu.

Niliacha kula tende, kwa kuwa mama alikuwa akizipenda zile nilizokuwa nikimpelekea. Kitanda nikakiachia masanduku, nikalala chini. Nikafunga siku ambazo hakuna aliyenifaradhia, na Mungu anajua sikuwa nikitafuta thawabu, nilikuwa nikijikomoa. Mshahara wangu ulikuwa riali 900 kwa mwezi, na miezi mingine nilituma nyumbani zote 900, nikaogea sabuni ya kuoshea vyombo. Kubwa kuliko yote, nilipokuwa nikisujudu sikuomba kitu. Niliona haya. Niliamini kwamba Mungu amenipa mgongo, kwa kuwa nami nilimpa mama yangu mgongo siku ile nilipoingia mlango wa abiria pale uwanja wa ndege wa Moi na sikugeuka kumpungia mkono, nikiogopa kulia.

Wanaoijua Riyadh wanajua kwamba kadama, mtumishi wa nyumbani, ana safari moja ya hakika kila usiku: kutoa taka. Unafunga mfuko mweusi, unapita uani, unafungua mlango wa chuma, unatembea mpaka kwenye lile pipa kubwa la magurudumu mwisho wa ukuta. Dakika tano, saba ukijitahidi. Pale kwenye pipa ndipo nilipojuana na msichana wa nyumba ya tatu. Alikuwa Mluhya wa Bungoma, Mkristo, mdogo wangu kwa miaka kama kumi, akiniita dada. Miezi michache kabla ya msiba wangu alikuwa amenijia akilia, amekumbatia mfuko wa taka kama mtoto. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amepewa simu nyumbani, akamtazama kwenye kioo, akamgeukia bibi yake akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia: "Pole, mamii. Mtoto hakukukataa. Amekosa uso wako tu, na uso utarudi. Unafanya lililo ndani ya uwezo wako, na Mungu anaona."

Basi usiku mmoja, baada ya mimi kuanguka jikoni kwa njaa ya kujitakia, aliniuliza kulikoni. Nikamweleza yote, kanzu kumi na moja, tende, sakafu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanirudishia maneno yangu moja moja: pole, dada, hukumkataa mama, ulifanya lililo ndani ya uwezo wako, na Mungu anaona. Nikaanza kumbishia. Akasema, "Haya ni maneno yako mwenyewe. Kwangu yalikuwa kweli. Yakija kwako yanageuka kuwa uongo?" Akaitwa kutoka mlangoni kwao, akakimbia. Nilibaki nimesimama penye harufu ya maganda ya matikiti, na sikuwa na jibu.

Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba yuko mwanasaikolojia Mmarekani, Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, ambaye tangu 2003 ameandika sana juu ya jambo hili, akianzia katika mafunzo ya Kibudha. Anasema mtu aongee na nafsi yake kwa upole kama anavyoongea na rafiki, akumbuke kwamba kuumia na kukosea ni fungu la binadamu wote, na ayatazame maumivu yake kama yalivyo, bila kuyakuza wala kuyafunika. Nilifurahi kuyasoma. Lakini mwalimu wangu alikuwa ameshanifundisha, gizani, na mikono yake ilinuka jiki.

Najua baadhi yenu neno kujihurumia haliwaingii vizuri. Katika lugha yetu limepata sifa mbaya, linanukia uvivu na kulialia. Tulipoagana na wazee tuliambiwa mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo tumeibeba huku pamoja na pasipoti. Nami naipenda subira. Lakini subira ni kuubeba mzigo uliopewa. Kuokota mawe njiani ukayaongeza juu ya mzigo huo, kisha ukasema Mungu ndiye aliyetaka, hiyo siijui kuwa subira. Mimi niliyaokota miaka kadhaa.

Na hapa ndipo imani inapoingia, kwa sababu ugonjwa wangu haukuwa wa mawazo peke yake, ulikuwa wa kumdhania Mungu vibaya. Mwislamu akiswali faradhi tano kwa siku husoma Alhamdu mara 17. Kila anapoisoma humtaja Mungu kwa rehema, kwa majina mawili, Rahmani na Rahimu, yaliyotoka katika shina moja na neno la Kiarabu la tumbo la uzazi. Mimi, mtoto wa madrasa, nilikuwa nikiyatamka majina hayo mara 17 kwa siku na kila mara nikidhani yanawahusu watu wengine. Sura ya Zumar imewaita waliojidhulumu nafsi zao ikiwakataza wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Angalieni wanavyotajwa pale: wamezidhulumu nafsi zao. Kumbe nafsi inaweza kudhulumiwa na mwenyewe, na dhuluma hiyo Mungu ameiona na kuipa jina. Iko pia habari ya Salman Mfursi, alipomkuta ndugu yake Abu Dardai anafunga mchana kutwa na kuswali usiku kucha mpaka mkewe amekata tamaa naye. Salman alimlazimisha ale naye, akamwambia alale, akamweleza kwamba Mola ana haki kwake, na nafsi yake nayo ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Habari ilipofika kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Salman amesema kweli.

Haki, jamani. Hakusema fadhila. Na hata sheria ya nchi hii ya Saudia, kwa mwendo wake wa polepole, imeanza kulitambua hilo. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani za 2013 zilitaja saa 9 za mapumziko kwa siku na siku moja ya kupumzika kwa wiki, na kanuni mpya zilizoanza kutumika 2024 zikaweka ukomo wa saa 10 za kazi. Mageuzi ya Machi 2021 ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, yalituacha nje sisi wa majumbani, na kila mmoja wetu anajua umbali ulioko kati ya karatasi na jiko. Nalitaja kwa sababu nimekutana na dada ambaye Ijumaa alipewa siku yake ya mapumziko na akaomba afanye kazi. Alisema akipumzika anasikia kama anaiba.

Baada ya miaka hiyo sita familia ilihamia Jeddah, mwendo wa zaidi ya kilomita 900 kutoka Riyadh. Jeddah iliniponya kidogo kabla sijafanya lolote. Kule Balad, mji wa kale, nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, na nilipopita mara ya kwanza nilihisi nimekata kona nikatokea Mji wa Kale wa Mombasa. Makka iko kama kilomita 80 tu. Kabla ya Ramadhani walinichukua umra.

Nilitufu, nikanywa Zamzam, nikaenda kwenye sa'yi baina ya Safa na Marwa. Leo njia ile ni ukumbi mrefu wa marumaru, una feni na ubaridi, na katikati kuna taa za kijani zinazoonyesha mahali ambapo wanaume huongeza mwendo. Nilikuwa kwenye mzunguko wa tatu, magoti yanauma, ndipo lilipoingia kichwani jambo nililofundishwa tangu utoto na sikuwahi kulisikia. Huyu tunayemfuata nyayo ni nani? Wafalme, mawaziri, matajiri wote wanaokuja hapa wanatembea alikotembea nani? Ni Hajara. Mwanamke wa Misri, Mwafrika, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya watu. Kadama.

Hadithi aliyoisimulia Ibn Abbas, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, inaeleza kwamba Nabii Ibrahim alimwacha pale bondeni yeye na mwanawe mchanga, na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Maji yakaisha. Mtoto akawa anajinyonganyonga kwa kiu, na mama hakuweza kumtazama. Akapanda Safa, akaangaza, hakuna mtu. Akashuka, akashika pindo la nguo yake akakimbia bondeni, akapanda Marwa. Mara saba. Hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni ndogo kwa kuwa anakimbia. Hofu yake Mungu hakuifanya dhambi, aliifanya ibada ya umma mzima hadi leo.

Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu kuna mambo matatu madogo ndani ya hadithi hii ambayo yamenilea upya. Mara ya mwisho, akiwa juu ya Marwa, alisikia sauti. Na jambo la kwanza alilofanya ni kujinyamazisha, alijiambia mwenyewe kimya, ili asikie. Alikuwa na kelele ndani yake, kama nilivyokuwa nazo mimi, na alijua kuwa anayehitaji kutulizwa kwanza ni yeye. Kisha akamwona malaika mahali pa Zamzam, maji yakatoka, naye kwa hofu ileile ya kupungukiwa akaanza kuyazungushia ukingo kwa mikono na kuyachota haraka haraka. Mtume alipofika hapo katika kuisimulia habari hii alimwombea rehema kwanza, halafu ndipo akasema kwamba lau angeyaacha yangekuwa chemchemi inayotiririka. Alitaja upungufu wa mama mwenye hofu, na akautanguliza kwa dua. Nani kati yetu huyataja makosa yake mwenyewe kwa mpango huo?

La tatu ndilo lililonisimamisha katikati ya ukumbi, watu wakanipita kulia na kushoto. Maji yalipotoka, mtoto yuko pale, ana kiu ya kufa. Hadithi inasema Hajara akanywa, akamnyonyesha mwanawe. Alikunywa. Mama aliyekimbia mara saba kwa ajili ya mtoto, maji yalipopatikana aliyatia kinywani mwake mwenyewe, kwa sababu mtoto yule riziki yake ilikuwa inapitia kifuani mwa mama. Titi kavu halimlei mtu. Na malaika alikuwa amesimama pale pale, wala hakumwambia mchoyo. Alimwambia asiogope kupotea.

Nililia, na katika ukumbi ule hakuna anayemshangaa mtu anayelia. Niliporudi Jeddah usiku nilimwandikia kaka kwamba kuanzia mwezi ule nitatuma riali 700, zinazobaki niziweke akiba yangu mwenyewe. Alinuna kwa wiki mbili. Nikanunua sabuni ya kuogea, ya udi, na ratili ya tende.

Mwenzangu wa pipani yeye alikuwa ameshatoroka. Nyumba yake ilikuwa imemzidi, mpaka siku ya mwisho alikuwa hajalipwa miezi minne, na mkono wake ulikuwa na alama ya pasi. Sisi Wakenya tulioko huku aliyetoroka tunamwita kemboi, kwa jina la Ezekiel Kemboi, mkimbiaji wetu wa kuruka viunzi na maji, aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Athens 2004 na London 2012. Watu hulitaja jina hilo wakicheka. Lakini anayeitwa hivyo ameshaandikiwa kwamba ametoroka, ikama yake, kibali cha ukaazi, haifanyi kazi, hospitali anaiogopa, na kurudi kwao ni mpaka ubalozi umsaidie. Alinipigia akiwa kwenye chumba cha watu kumi na wanne. Akasema amevunja mkataba, amemwaibisha mama yake, na amejaribu kusali akashindwa. "Mungu amenifuta, dada."

Sikuwa na la kumwambia kutoka kwenye kitabu changu, nikamwendea kwenye chake. Nikamwambia afungue Mwanzo, sura ya 16. Humo Hajiri, ndivyo Biblia inavyomwita, anateswa na bibi yake na anatoroka. Anakimbilia jangwani, na malaika wa Bwana anamkuta penye chemchemi katika njia ya Shuri. Anamwita kwa jina lake, anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Na yule mtumwa mtoro, mgeni, mjamzito, ndiye anayempa Mungu jina: Mungu aonaye. Mtoto akaitwa Ishmaeli, maana yake Mungu husikia.

Akaniuliza papo hapo, "Lakini si aliambiwa arudi?" Ndiyo, aliambiwa arudi, na nimewasikia watu wakiitumia aya ile kumrudisha msichana kwenye nyumba iliyomchoma. Nilimwambia ninalolijua: malaika alikutana naye penye maji, akamsikiliza, akamwahidi uzao mkubwa, na katika sura ya 21 Hajiri anatoka nyumba ile moja kwa moja na Mungu yuko naye huko nje pia. Wewe hapo ulipo hakuna malaika aliyekwambia urudi kwenye pasi ya moto. Nenda ubalozini, uko hapo hapo Riyadh. Na kabla hujaenda, umekula leo? Akanyamaza. Nikamwambia ale kwanza.

Ubalozi ulichukua miezi mitano. Yuko Bungoma sasa, anauza mboga. Mwanawe, anasema, alimkaribia siku ya tatu, akamgusa kovu la mkononi, akamwambia pole.

Mimi bado niko Jeddah. Nina desturi moja niliyoipata siku ile ya umra. Nikimaliza vyombo, kabla sijapiga simu nyumbani na kabla sijasikia nani anaumwa na ada gani imebaki, namimina bilauri ya maji, naketi kwenye kiti, nayanywa mpaka yaishe. Siku nyingine nasema Alhamdulillahi, siku nyingine sina nguvu ya kusema, nakunywa tu. Kisha ndipo nashika simu.

Ni saa tatu na nusu sasa. Najua yuko mtu Riyadh anayefunga mfuko mweusi hivi sasa, na mwingine yuko Jeddah anayefungua mlango wa chuma taratibu usilie, ana dakika zake tano. Pole, mamii. Pole na kazi.